Rota ya Lori la Saba

Ijumaa ile Fundi aliingia karakana akiwa na rota mfukoni kwa siku ya nne, na kwa siku ya nne alimsalimia Bi Lebo kama mtu asiye na kitu mfukoni.

"Umeamkaje?"

"Salama, Fundi. Na wewe?"

"Mimi mzima. Leo litawaka, utaona."

Alisema hivyo huku akijua fika kwamba halitawaka. Rota ni kidude cheusi kisichozidi kidole gumba. Hukaa ndani ya kikombe kilichobanwa ubavuni mwa injini, na kazi yake ni kuzunguka na kugawa moto kwa plagi. Ukiitoa, injini nzima inabaki pambo. Utazungusha hendeli mpaka mabega yakung'oke, na lori litakutazama tu.

Lori lenyewe lilikuwa la saba na la mwisho. Yote saba yalikuwa malori ya jeshi, ya vita vya wakati wa babu zao, yaliyokutwa yanaoza nyuma ya bohari moja, majani yameota mpaka kwenye usukani. Kwa mwaka mmoja na miezi minane Fundi alikuwa akiyafufua, na Bi Lebo akiyaandika. Jumba la makumbusho lilimtuma kwa kazi hiyo tu. Hakuna nati iliyofunguliwa kabla hajaipiga picha, akaipa namba, akaifunga lebo ya karatasi ngumu kwa uzi. Hakuna rangi iliyopakwa kabla hajasugua kwa msasa duara dogo mlangoni, mpaka rangi zote za zamani zionekane moja ndani ya nyingine kama kitunguu kilichokatwa. Na kila jioni waliandika kwenye daftari kubwa: kilichotolewa, kilichorudishwa, sababu. Chini yake sahihi mbili, ya Fundi na ya kwake, bega kwa bega.

Kijana mmoja aliyekuja kupaka rangi aliwahi kuwatania kwamba kurasa zile ni cheti cha ndoa, ila cha wenzao hutiwa sahihi mara moja. Wote wawili walicheka sana. Kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Sasa kazi ilikuwa imebaki kitu kimoja. Lori la saba likiwaka, Bi Lebo anapiga simu, trela inakuja kesho yake, na yeye anapanda anaondoka nalo. Makumbusho yako mbali, mwendo wa siku nzima. Jumatatu jioni injini ilikamilika. Bi Lebo alikipiga picha kile kikombe kikiwa wazi, rota ikiwa mahali pake, wakatia sahihi, akaenda zake. Fundi alibaki peke yake akilitazama lori. Akatazama na ile meza ya mlango mbovu uliowekwa juu ya mapipa mawili, ambapo Bi Lebo alikuwa akikaa kuandika. Akaiona ikiwa tupu. Moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa, maana alifungua vibanio, akatoa rota, akaitia mfukoni.

Wazo hilo hakulitoa hewani. Walipokuwa kwenye lori la tatu alimweleza Bi Lebo mwenyewe.

"Dereva wa vitani akishuka kwenda kulala, hiki anakitoa anaondoka nacho. Adui akija usiku, anakuta gari halina roho."

"Na dereva mwenyewe akifa huko alikolala?"

"Basi gari linabaki palepale linamsubiri."

Bi Lebo aliiandika habari hiyo, kisha kalamu ikasimama.

"Maskini," alisema.

"Nani, dereva?"

"Gari."

Neno lile lilimkaa Fundi moyoni. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, na mpaka leo alikuwa akilala upande wake ule ule wa kitanda, upande wa pili shuka halina hata kunjo. Nyumba ilikuwa na dada yake mkubwa, ilikuwa na redio, ilikuwa na chakula kwa wakati. Haikuwa na mtu wa kumuuliza siku yake ilikwendaje. Bi Lebo alikuwa akiuliza. Aliuliza kwa ajili ya daftari, ni kweli, lakini aliuliza kila siku, na jibu alilisikiliza mpaka mwisho.

Naye alikuwa mpweke wa namna yake. Alipanga chumba juu ya duka la dawa. Siku moja, wakiwa chini ya lori, migongo yao juu ya gunia moja, alimwambia Fundi bila kumtazama: "Jumapili nasikia redio ya majirani ukutani. Wakicheka na mimi nacheka. Sijawahi kuwaona." Fundi alitaka kuushika mkono wake. Badala yake aliomba spana namba kumi na nne.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi ilikwenda kama Jumanne, Jumatano na Alhamisi zilivyokwenda. Fundi alizungusha hendeli, jasho likamtoka, akatikisa kichwa kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Halijawaka," alisema.

"Naona," alijibu Bi Lebo. Akavaa miwani, akaandika: Halikuwaka. Sababu: haijulikani. "Tia sahihi."

Alitia. Mkono ulikuwa mzito kana kwamba kalamu ni nyundo.

Saa saba mchana Dada aliingia na chakula, kapu mkononi, pua juu. Dada huyu hakuipenda karakana hata kidogo, kwa sababu kila alipoingia alitoka na doa la mafuta. Siku hizi hakumpenda na karani wa karakana, Bi Lebo. Alimsalimia kwa heshima zote, akamvuta mdogo wake mpaka nje kwenye kivuli cha ukuta, akamwekea sahani mapajani.

"Kula. Umekonda."

"Sijakonda, dada."

"Umekonda, na sababu yake nimeiona ndani, imevaa miwani. Unafikiri sioni anavyokutazama?"

"Anatazama malori."

"Malori hayamfanyi mtu mzima ainamishe macho." Dada alijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Sikiliza, mdogo wangu. Yule ni mgeni. Karatasi zake zikiisha anafunga begi. Aliolewa akaachika, ndugu zake hatuwajui, na kazi yake ni kupachika vikaratasi. Juzi nimeleta sufuria hapa, limerudi nyumbani na lebo! Eti 'Sufuria. Mali ya Dada. Hali: kifuniko hakikai vizuri.' Mimi sufuria langu halina kasoro!"

Fundi alicheka, chakula kikampalia. Dada hakucheka.

"Mkeo alipofariki niliacha nyumba yangu nikaja kukushikia yako. Mama yetu alipofariki ni mimi niliyekulea. Nimekulea mara mbili wewe. Mtu wa namna hiyo akiingia mle ndani..." Sauti ikamshuka, ikawa ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. "Mimi nitakaa wapi?"

Fundi aliweka kijiko chini. Alitaka kusema kwamba nyumba ina vyumba vitatu, kwamba hakuna atakayemfukuza dada yake maadamu yeye yu hai. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba kuna mtu anataka kumleta, na jambo hilo hakuwa amelikiri hata kwa mwenyewe anayehusika.

"Hakuna anayeingia, dada," alisema. "Malori yakiisha anakwenda."

"Haya," alisema Dada, akachukua kapu lake. Ingawa alishinda, hakuonekana mwenye furaha.

Fundi aliporudi ndani alimkuta Bi Lebo amesimama mezani, kamera mkononi.

"Fundi, njoo uone kitu."

Alikwenda. Kwenye kioo kidogo cha kamera kulikuwa na picha ya kile kikombe, wazi, na ndani yake rota imekaa kama bwana harusi.

"Jumatatu, saa kumi na moja jioni," alisema Bi Lebo. "Hii ni nini?"

"Rota."

"Ipo?"

"Ipo."

"Basi twende tukafungue tuone kama leo ipo."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati, moja moja. Fundi aliingiza mkono mfukoni, akaitoa, akaiweka mezani juu ya daftari. Ilikuwa na joto la mwili wake.

"Hakuna haja ya kufungua," alisema.

Bi Lebo hakupiga kelele. Fundi angefurahi kama angepiga kelele. Alikitazama kidude kile kwa muda mrefu, halafu akamtazama mwenye mfuko.

"Kwa nini?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu lilikuwa fupi pia, Fundi alikuwa nalo mdomoni kabisa. Sikutaka uondoke. Maneno mawili tu. Lakini sikioni ilikuwa bado ile sauti ndogo ya Dada ikiuliza atakaa wapi, na juu ya hayo alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba mwenye grisi kwenye kucha, mbele ya mwanamke aliyesoma, na uoga wa kukataliwa hauangalii umri.

"Nilitaka kuisafisha," alisema. "Ncha yake ina kutu. Nikaona niisugue kwanza."

"Siku nne?"

"Siku nne."

Bi Lebo alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, ingawa haikuwa na vumbi. "Umeniandikisha uongo, Fundi. Mwaka mmoja na miezi minane sijaandika hata skrubu moja ya uongo kwenye daftari hili."

"Nisamehe."

"Sikuwa nangoja kuombwa msamaha."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Macho yao yalikutana, yakakaa. Fundi aliona kope zake zimelowa, akadhani ni hasira.

"Rudisha rota mahali pake," alisema Bi Lebo.

"Na kwenye sababu tutaandika nini? Jumba la makumbusho litauliza."

"Nitaacha mstari wazi. Mwenye sababu atajaza mwenyewe."

Fundi aliirudisha, akabana vibanio, akashika hendeli. Lori liliwaka kwa mzunguko wa kwanza kabisa, tena kwa furaha ya ajabu, kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka nje. Karakana nzima ikajaa mngurumo na moshi. Katika kelele zile alimwona Bi Lebo akisema kitu, midomo inatembea, maneno hayasikiki.

"Umesemaje?" alipaza sauti.

Bi Lebo alitikisa kichwa. Akachukua simu, akatoka nje kwenye manyunyu kuita trela.

Trela ilifika Jumamosi saa tatu. Dereva wake alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kofia ya manyoya katika joto lile.

"Huyu mzee ndiye namba saba?" alisema akilipiga lori kofi la ubavuni. "Ameshiba! Na mama ndiye anasafiri naye? Mbele nina kiti kizuri, mama, cha kukaa kama malkia, ila usiniulize habari za breki."

Fundi alilipandisha lori mwenyewe, taratibu, magurudumu yakilia juu ya vyuma, akazima injini, akateremka. Zilikuwa maili zake za mwisho na lori lile, na hazikufika hata mita ishirini.

"Ngojeni kidogo," alisema Bi Lebo. "Nipige picha ya mwisho ya injini."

Alipanda juu ya trela peke yake. Alikaa huko kitambo, mpaka dereva akaanza kupiga miluzi. Aliposhuka alikuwa na doa la grisi kwenye shavu. Akaingia karakana kuchukua begi na daftari, akatoka.

Dada naye alikuwepo, na kifurushi cha chakula cha safari alichokifunga kwa kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kwa kuwa sasa mtu alikuwa anaondoka, ilikuwa rahisi kumpenda.

"Ule njiani, mwanangu. Usikae na njaa."

"Ahsante, Dada. Lile sufuria, nisamehe."

"Aa, kifuniko kweli hakikai," alisema Dada, akatazama chini.

Bi Lebo alimgeukia Fundi, akampa mkono. Fundi aliupokea. Ulikuwa mdogo, mkavu, mgumu kidogo kwenye kidole cha kushikia kalamu, na katika miezi yote ile hii ilikuwa mara ya kwanza kuushika bila kitu kati yao.

"Kwaheri, Fundi."

"Safari njema."

"Hayo tu?"

Dereva aliwasha trela. Dada alikohoa.

"Ufike salama," alisema Fundi.

Bi Lebo alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akimaliza ukurasa. Akapanda. Trela ikajivuta, ikapinda kwenye kona ya ghala, lori la saba likionekana nyuma yake kwa dakika moja zaidi, limerudi kuwa la kijani kama siku lilipotoka kiwandani. Halafu barabara ikawa tupu.

Fundi aliingia ndani akachukua ufagio. Alifagia pasipo na uchafu. Karakana ilikuwa imekua mara tatu. Sakafuni yalibaki madoa saba ya mafuta, moja kwa kila lori. Kwenye meza ya mlango hapakuwa na kamera, wala uzi, wala miwani iliyoachwa imefunguliwa. Aligundua kwamba hana kiu ila anataka chai, kwa sababu saa nne ndiyo saa waliyokuwa wakinywa chai. Akanyoosha mkono kwenye msumari, kikombe chake kilipokuwa kikining'inia kwa uzi wa lebo ya kale ambayo Bi Lebo alikifungia na yeye akakataa kuitupa. Kikombe. Mali ya Fundi. Hali: mkono umevunjika, kinafaa.

Kikombe kililia. Ndani yake kulikuwa na kitu.

Alikimwaga kiganjani. Ilikuwa rota. Ilikuwa imefutwa vizuri, imefungwa lebo mpya kwa uzi, na mwandiko wa kwenye lebo angeutambua gizani. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akasoma.

Kitu: rota, lori la saba.

Ilionekana haipo: Jumanne, saa tisa alasiri. Shahidi: karani.

Fundi alirudia mstari ule. Jumanne. Siku ya kwanza kabisa. Jumanne saa tisa yeye alikuwa amekwenda kununua mafuta ya breki. Kumbe mama wa watu alifungua kikombe cha injini akaona patupu, akakifunga, akakaa kimya. Jumatano aliandika haijulikani. Alhamisi aliandika haijulikani. Ijumaa asubuhi pia. Yeye aliyesema hajawahi kuandika skrubu ya uongo aliandika uongo siku tatu kwa mkono wake, akingoja mtu mmoja afungue mdomo.

Aliendelea kusoma.

Ilitolewa mara ya kwanza na: Fundi. Sababu: na baada ya hapo nukta tu, mstari mzima, mpaka ukingoni.

Ilitolewa mara ya pili: leo, na karani. Sababu: ile ile.

Irudishwe na: Fundi, kwa mkono wake.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi mbili. Ya kwake ilikuwepo tayari. Pembeni yake palikuwa peupe.

Fundi alikaa juu ya pipa. Alilia kidogo, si sana, kwa namna ya mtu ambaye miaka sita alijikaza na sasa amechoka kujikaza. Dada, aliyekuwa anakusanya vyombo mlangoni, alimwona akasimama.

"Kuna nini? Wamesahau kitu?"

"Hapana, dada. Hawakusahau." Alipangusa uso kwa mkono wa ovaroli, grisi ikampaka mpaka puani. "Una kalamu?"

Dada alipekua kapu, akatoa kalamu fupi ya risasi anayoorodheshea vitu vya sokoni. Alimpa, lakini hakuondoka. Alisimama nyuma ya bega lake, na kwa kuwa macho yake ya mbali yalikuwa mazima, aliyasoma maneno ambayo mdogo wake aliyaandika juu ya zile nukta, herufi kubwa kubwa, polepole: Sikutaka aondoke. Kisha akaona sahihi ya pili ikikaa mahali pake, bega kwa bega na ya kwanza.

Nje mtu alikuwa anagonga bati mahali fulani.

"Dada," alisema Fundi bila kugeuka. "Chumba chako ni chako. Hata dunia igeuke."

Dada alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Basi la kule linaondoka saa nane," alisema hatimaye. "Ukaoge kwanza. Huwezi kwenda kwa watu na uso kama sufuria." Akafika mlangoni, akageuka. "Kurudisha hicho kidude kutachukua siku ngapi?"

Fundi aliitia rota mfukoni, akaifunika kwa kiganja.

"Sijui, dada. Lori lenyewe la zamani. Huenda lisiwake siku ya kwanza."